SHULE HAIJENGWI KWA TAKBIRA
Mazingatio kwa Waislamu wa Rungwe na kwa kila anayekusudia kuanzisha shule ya kutwa

  

Ndugu zetu Waislamu, limekuwa jambo la kawaida kwamba kila tunapokutana katika semina au makongamano suala la shule huzuka. Msemaji mmoja husimama akauliza: "Mpaka lini watoto wetu watasoma katika shule za wengine?" Ukumbi hujibu kwa takbira. Hapohapo hupitishwa kapu, hutajwa kiwanja, na aghalabu huundwa kamati ya ujenzi. Baada ya miaka mitatu msafiri apitaye njia ile huona msingi uliomea majani, na akiuliza huambiwa: "Hiyo ni shule ya Waislamu."

Sisi hatuipingi hoja ya kuwa na shule. Aya za mwanzo kabisa kuteremshwa zilikuja na amri ya kusoma, na umma ulioanza kwa amri hiyo hauna udhuru wa kuwa nyuma katika elimu. Tunachokipinga ni mpangilio wa mambo yetu. Tunaanza na tofali tukaishia na ugomvi, wakati ambapo shule huanza na watu, ikafuatwa na sheria zake na fedha zake, na jengo likaja mwisho. Makala hii tumeielekeza hasa kwa ndugu zetu wa wilaya ya Rungwe, kuanzia Tukuyu mjini hadi kata za vijijini kama Matwebe, kwa sababu wao ni wachache miongoni mwa majirani walio wengi Wakristo, na kosa ambalo mji mkubwa unaweza kulihimili, jamii ndogo hulilipia kwa kizazi kizima.

TULIKOTOKA

Hali tuliyo nayo ina historia, na asiyeijua historia hiyo atalaumu mahali pasipostahili. Wamishenari wa Moravian na wale wa Berlin waliingia Unyakyusa mwaka 1891, na popote walipojenga kanisa walijenga na darasa ubavuni mwake. Wajerumani walipoiweka boma yao Tukuyu, mji walioupa jina la Neu Langenburg, shule za misheni zilikuwa tayari zimeanza. Uislamu uliingia katika milima hii kwa njia nyingine: wafanyabiashara, askari, makarani na mafundi waliotoka pwani na bara ya kati. Hawa walikuja na misikiti na vyuo vya Qur'ani, lakini hawakuja na taasisi ya kuwafungulia watoto wao shule za kuandika na kuhesabu. Mzazi Muislamu akabaki na njia mbili: ampeleke mtoto katika shule ambayo mlango wake ulikuwa karibu na mlango wa kanisa, au ambakize nyumbani. Wengi walimbakiza. Hofu yao ilikuwa na sababu, ila gharama yake tunailipa hadi leo.

Pwani mambo yalikwenda vingine kidogo. Mwaka 1892 ilifunguliwa shule ya Tanga, na serikali ya Kijerumani ikaiendesha bila mafundisho ya Kikristo, kwa kuwa ilihitaji makarani na ilijua kuwa Waislamu wa pwani hawatawatoa watoto wao kwa masharti ya dini nyingine. Kutokana na tukio hilo tunajifunza kwamba Waislamu hawakuwa wakiikimbia elimu kama wanavyosingiziwa. Walipoipata isiyogusa imani ya mtoto, waliifuata.

Wanazuoni wetu nao hawakukaa kimya. Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), ambaye alikuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alitumia kalamu yake katika gazeti la Al-Islah, lililoanza mwaka 1932, kuwahimiza Waislamu wajifunze elimu za kisasa bila kuiacha dini yao, na akawalaumu wazi wale waliodhani kuwa ujinga wa dunia ni alama ya uchamungu. Dar es Salaam, mwaka 1933, kiliundwa chama cha Al-Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, naye Kleist Sykes akiwa miongoni mwa waasisi wake, na shule ikawa moja ya shughuli zake kubwa. Watoto walisoma Qur'ani na hesabu chini ya paa moja, na jioni wakarudi kwa wazazi wao. Hiyo ilikuwa shule ya kutwa ya watu binafsi kwa maana yake kamili, nayo ilianzishwa na watu wa kawaida wa mjini wasiokuwa na mfadhili wa ng'ambo.

Mwaka 1945 ikaja Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, maarufu kwa jina la EAMWS, chini ya ulezi wa Aga Khan, ikasaidia kujenga misikiti na shule katika nchi zote tatu. Kwa upande wa Mombasa, chuo cha ufundi cha Waislamu kilichojulikana kama MIOME kilianza kufundisha mwaka 1951. Leo EAMWS haipo. Kwa Tanzania ilipigwa marufuku mwaka 1968, na mwezi Desemba mwaka huohuo ikaundwa BAKWATA, ambayo ndiyo iliyopokea mali zake. Chuo cha MIOME nacho kimepitia mikono mbalimbali, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, mali ya umma wa Kenya. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikazitia mkononi mwa serikali shule za mashirika ya dini, za misheni zikiwa nyingi na za Waislamu zikiwa chache, ili mtoto wa Mtanzania yeyote asome popote. Tunakiri kwamba utaifishaji huo uliwafungulia watoto wengi wa Kiislamu milango iliyokuwa imefungwa.

Kisha likaja jambo ambalo wengi wetu hatukulizingatia kwa wakati wake. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 na kampeni ya elimu ya msingi kwa wote iliyofikia kilele mwaka 1977, watoto walijaa katika shule za msingi, huku nafasi za sekondari za serikali zikibaki kiduchu. Wazazi wa mikoa yenye mazao ya biashara na makanisa yenye uzoefu hawakungoja. Walijenga sekondari za binafsi, nyingi zikiwa za kutwa. Jumuiya ya Wazazi ya CCM nayo ikajenga zake nchini kote. Kufikia miaka ya 1980 sekondari zisizo za serikali zilikuwa zimeshazipita zile za serikali kwa idadi. Wilayani Rungwe na jirani zake makanisa yalikuwa tayari yana uzoefu wa takriban karne moja. Ndipo tunapoziona hadi leo shule kama Lutengano ya Wamoravian, au Manow ya Walutheri kule Busokelo. Wenzetu walipokuwa wakiandikisha wadhamini, sisi tulikuwa katika kutafuta nani awe msemaji wetu.

Kuna mfano mmoja wa kwetu ambao hatupaswi kuusahau. Warsha ya Waandishi wa Kiislamu, iliyoundwa mwaka 1975 na vijana wasomi, iliandaa vitabu na mtaala wa elimu ya dini, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikawa na mchango mkubwa katika shule ya sekondari ya BAKWATA pale Kinondoni. Mwaka 1982 uhusiano huo ukavunjika. Mengi yamesemwa juu ya nani alikuwa na haki, na hapa si mahali pa kuyarudia. Tunachotaka msomaji akizingatie ni hiki: waliofundisha hawakuwa wamiliki, na mmiliki alipobadili msimamo, walioijaza shule ile uhai hawakuwa na pa kusimama. Ikhlasi yao haikuwa hati ya kisheria.

KWA NINI SHULE YA KUTWA

Baadhi ya ndugu zetu wakisikia "shule ya Kiislamu" huona akilini mwao seminari yenye mabweni, bwalo na ukuta mrefu. Sisi tunaona kwamba kwa jamii ndogo kama ya Rungwe shule ya kutwa ndiyo inayofaa kuanziwa, na tuna sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni gharama. Kabla ya serikali kufuta ada katika sekondari zake kuanzia Januari 2016, mwanafunzi wa kutwa alilipa shilingi 20,000 kwa mwaka na wa bweni shilingi 70,000. Hizo zilikuwa ada zilizopunguzwa na ruzuku, lakini uwiano wake unatueleza jambo: bweni liligharimu zaidi ya mara tatu. Kitanda, maji, kuni, mlinzi wa usiku, matroni na milo mitatu ni mambo yasiyomfundisha mtoto hata herufi moja, nayo ndiyo yanayozimaliza fedha za shule changa.

Sababu ya pili ni malezi. Tumesikia wazazi wakisema kuwa wanampeleka mtoto bweni "akafundishwe dini." Dini hiyo ndugu yetu anaitaka kwa ajili ya mtoto peke yake, au na kwa ajili ya nyumba yake? Mtoto wa kutwa anarudi na somo lake nyumbani. Akisoma udhu asubuhi, jioni mama yake atamuona akitawadha, na baba asiyeswali ataona haya. Shule ya kutwa humlea mtoto pamoja na nyumba aliyotoka, na hilo ndilo lengo la harakati ya kuuhuisha Uislamu.

Sababu ya tatu ni ratiba. Katika wilaya ile adhuhuri huingia kabla ya saa saba mchana. Shule inayoanza saa 1:30 asubuhi na kufunga saa 8:30 mchana inaweza kutimiza vipindi vyote vya mtaala wa taifa, ikaswalisha adhuhuri kwa jamaa, ikafundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu na kusoma Qur'ani, na mtoto akawahi alasiri nyumbani au katika madrasa ya mtaa wake. Siku ya Ijumaa vipindi vinapangwa ili walimu na wanafunzi wawahi msikitini bila kukatiza somo.

Yapo pia yanayoelemea upande wa pili, nasi hatutayaficha. Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi mno Tanzania, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Njia za milimani huteleza, vijito hufurika, na mtoto wa miaka saba hawezi kuvuka bonde mbili kila asubuhi katika miezi ya masika. Kwa hiyo kiwanja cha kupewa bure mahali pasipofikika ni zawadi ghali. Ni afadhali kununua robo eka kando ya barabara wanakokaa watu kuliko kupewa eka tano juu ya kilima. Kwa watoto wa kike jambo hili ni zito zaidi. Njia ndefu na ya upweke imewaharibia masomo wengi, na mzazi mwenye wivu na bintiye ana haki ya kuuliza atapita wapi.

HESABU KABLA YA TOFALI

Sasa tuzungumzie fedha, kwani hapa ndipo shule nyingi hufia. Tuseme wazazi wa Matwebe wamekubaliana kufungua darasa moja la watoto 35, na kila mzazi atalipa shilingi 300,000 kwa mwaka. Mapato ni shilingi 10,500,000, nao ukumbi utapiga takbira. Lakini darasa hilo likiwa na walimu wawili, kila mmoja akilipwa shilingi 400,000 kwa mwezi, mishahara ya miezi 12 ni shilingi 9,600,000. Mchango wa mwajiri katika NSSF, tukiuchukulia kuwa asilimia 10, ni shilingi 960,000. Jumla ni shilingi 10,560,000. Shule tayari imepungukiwa shilingi 60,000, na bado haijanunua chaki, haijapika makande ya mchana, haijalipa mlinzi, wala haijamsamehe yatima hata mmoja. Tumekisia pia kuwa wazazi wote 35 watalipa kwa wakati, jambo ambalo kila aliyewahi kukusanya ada atalitabasamia.

Tunapowaonyesha hesabu hii hatukusudii kuwavunja moyo. Tunawaonyesha kwamba ada peke yake haiendeshi shule yenye watoto wa wanyonge. Wazee wetu walilijua hilo, ndiyo maana msingi wa elimu katika Uislamu ulikuwa wakfu. Msikiti wa Qarawiyyin wa Fez, ambao mapokeo yanasema ulijengwa mwaka 859 kwa mali ya bibi mmoja aliyeitwa Fatima al-Fihri, na madrasa ya Nizamiyya iliyoanzishwa Baghdad mwaka 1065, zilidumu kwa sababu nyuma yake palikuwa na mashamba, maduka na nyumba ambazo pato lake lilifungwa kwa ajili ya walimu na wanafunzi. Zanzibar hadi leo ina kamisheni ya serikali inayosimamia mali za wakfu.

Rungwe ni ardhi ya chai, kahawa, ndizi, viazi na, katika miaka ya karibuni, parachichi. Ndugu mwenye shamba anaweza kuitenga nusu eka ikawa wakfu wa shule. Mche wa parachichi uliobebeshwa huchukua kama miaka mitatu ndipo uanze kuzaa. Basi ipandwe miche leo, na miaka hiyo mitatu itumike kwa kusajili, kutafuta walimu na kukusanya wazazi. Shule itakapofunguliwa itaikuta riziki yake imeshaota. Kadhalika, ada ipangwe kwa kuufuata mfuko wa mkulima. Anayeuza majani ya chai hupata fedha kidogo kidogo mwezi hadi mwezi. Kumdai ada ya muhula mzima kwa mkupuo mwezi Januari, baada ya kununua sare na madaftari, ni kumfukuza kwa adabu. Alipe kila mwezi, apewe stakabadhi, na deni lake liandikwe.

Tunasema liandikwe, tukikumbusha kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Allah (S.W.) hakuuona uandishi wa deni kuwa jambo dogo la makarani. Inakuwaje basi mtu anayeswali tahajudi apokee mchango wa shule bila stakabadhi, na akiulizwa akasirike kwa kuwa "haaminiwi"? Kuaminiana kwetu hakuondoi daftari, kwani hata maswahaba, waliokuwa waaminifu kuliko sisi, ndio walioambiwa waandike. Fedha za shule ziwe na akaunti yake benki, mbali na sanduku la msikiti. Watie saini watu watatu. Na kila mwaka mkaguzi wa hesabu kutoka nje ya kamati azipitie na taarifa ibandikwe ukutani. Mama aliyetoa shilingi 1,000 ana haki ya kujua ilikokwenda sawa na tajiri aliyetoa mifuko mia ya saruji.

SHULE NI YA NANI?

Swali hili lijibiwe kwa maandishi kabla ya tofali la kwanza. Tumeona katika sehemu mbalimbali za nchi shule iliyojengwa kwa michango ya Waislamu ikiwa imeandikwa kwa jina la mtu mmoja, kwa sababu tu ndiye aliyekuwa na nafasi ya kufuatilia hati. Mtu huyo anapofariki, warithi wanakuja na haki yao ya mirathi, na mahakama haina budi kutazama karatasi. Hapo waliochanga hubaki na hasira na warithi hubaki na majengo.

Njia ya sheria ipo wazi. Jumuiya isajiliwe, wadhamini wake waandikishwe kwa mujibu wa sheria ya udhamini, kazi ambayo tangu mwaka 2006 inafanywa na RITA, ardhi na majengo yawe kwa jina la wadhamini hao. Ndipo jumuiya iombe kuthibitishwa kuwa mwenye shule, imteue meneja, na kuomba usajili wa shule kwa Kamishna wa Elimu kama inavyotakiwa na Sheria ya Elimu Namba 25 ya mwaka 1978 na marekebisho yake. Wapo wanaoona kuwa hatua hizi ni vikwazo vilivyowekwa kwa ajili ya Waislamu. Makanisa yanapitia mlango huohuo. Tumekuwa mahodari wa kuukosoa mkataba wa maelewano wa mwaka 1992 kati ya Serikali na makanisa kuhusu elimu na afya, na hoja zetu juu yake tunazo. Lakini tujiulize kwa insafu: lau serikali ingetuita kesho kutia saini mkataba kama huo, tungepeleka orodha ya shule ngapi zilizosajiliwa, zenye bodi na hesabu zilizokaguliwa? Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kiliweza kuanza mwaka 2005 katika majengo yaliyokuwa ya TANESCO kwa sababu palikuwapo taasisi ya kisheria ya kukabidhiwa.

Ndani ya shule yenyewe madaraka yagawanywe. Wadhamini hulinda mali. Bodi huweka sera, hupitisha bajeti na humuajiri mkuu wa shule. Mkuu wa shule huendesha masomo na nidhamu. Imamu wa msikiti aheshimiwe, na ushauri wake wa kidini utafutwe, lakini asiwe mwenye kuwahamisha walimu. Na mwenyekiti wa wadhamini asiingie darasani kumkemea mwalimu mbele ya watoto. Katika bodi wawemo akina mama, maana ndio wanaojua mtoto amekwenda shule na nini tumboni, na mwalimu mmoja aliyechaguliwa na wenzake.

NANI ASOME, NANI AFUNDISHE

Hapa tunajua kuwa baadhi ya wasomaji wetu hawatakubaliana nasi. Tunaona kwamba shule ya Waislamu katika wilaya kama Rungwe ipokee watoto wa majirani wasiokuwa Waislamu, na iajiri walimu wasiokuwa Waislamu pale ambapo hawapatikani wetu wenye sifa.

Inajulikana katika sira kwamba baada ya vita vya Badr baadhi ya mateka wa Makka waliokuwa wakijua kuandika waliachiwa kwa fidia ya kuwafundisha watoto wa Madina. Hao walikuwa washirikina, tena waliotoka kupigana na Waislamu jana yake. Ikiwa Mtume (S.A.W.) aliikubali herufi kutoka mikononi mwao, sisi tunaogopa nini kwa kijana wa Kinyakyusa, jirani yetu, aliyehitimu ualimu pale Mpuguso na anayefundisha hisabati vizuri? Somo la dini lifundishwe na Muislamu mjuzi, na mengine yafundishwe na ayajuaye. Watoto wetu wamesoma na wanasoma katika shule za makanisa. Wapo waliobaki na dini yao na wapo walioipoteza. Kwa uzoefu huo tunajua jinsi mgeni anavyopaswa kutendewa: asilazimishwe ibada isiyo yake, na asinyimwe elimu aliyoilipia. Shule yetu ikitimiza hilo itakuwa daawa iliyo fasaha zaidi ya mhadhara wa kipaza sauti.

Tena hesabu inalazimisha. Kata moja haina watoto wa Kiislamu wa kuyajaza madarasa ya shule ya msingi. Asiyetaka kuwapokea majirani ajiandae kuifunga shule mwaka wa pili.

TUANZIE WAPI

Wapo watakaouliza: ikiwa shule za serikali sasa hazina ada, na shule za kata zimeenea tangu miaka ya 2000, kwa nini tujihangaishe? Swali hili ni la haki. Jibu letu ni kuwa wingi wa watoto wetu watabaki katika shule za serikali, na huko ndiko kwa kuanzia. Kipindi cha dini kipo katika ratiba, na kinangoja mwalimu atakayeletwa na Waislamu wenyewe. Pale ambapo padri au mwinjilisti hufika kila wiki na ustadhi hafiki, mtoto wetu hukaa nje chini ya mti. Lisilotugharimu tofali hata moja tumelishindwa. Tutaliwezaje la mamilioni? Kwa hiyo kamati yoyote ya shule ioneshe kwanza kwamba imejaza vipindi vya dini katika shule za serikali za kata yake kwa mwaka mzima bila kukosa. Huo uwe mtihani wake wa kuingilia.

Hatua ya pili ni darasa la awali katika chumba cha madrasa kilichopo, likiwa limefuata taratibu za usajili, lenye mwalimu mmoja aliyesomea malezi ya watoto wadogo. Hatua ya tatu ni kupanda darasa moja kila mwaka pamoja na watoto walewale, badala ya kufungua madarasa yote kwa siku moja kwa ajili ya mgeni rasmi. Sera ya Elimu na Mafunzo toleo la 2023 imeifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari. Mwenye kupanga shule ya msingi leo apange na mahali watoto wake watakapoendelea, ama kwa kuwaandaa kuingia shule za serikali ama kwa kuijenga sekondari kwa zamu yake.

Mpango huu ni wa polepole, na tunajua kuwa hauamshi ukumbi. Hauna kukata utepe wala picha ya mgeni kutoka Ghuba akiwa ameshika sepeto. Lakini walioianzisha Al-Jamiatul Islamiyya mwaka 1933 walikuwa makarani na wachuuzi katika mji uliokuwa chini ya mkoloni, na hawakuwa na kingine ila majina yao, daftari lao na nia. Waislamu wa Rungwe leo wana ardhi yenye rutuba, wana vijana waliosoma, na wana sheria inayowaruhusu. Kilichobaki ni kuaminiana kulikoandikwa.

Kwa hiyo, ndugu zetu wa Tukuyu, wa Matwebe na wa kata nyingine zote, kikao chenu kijacho cha shule kisianze na ramani ya jengo. Kianze na mambo matatu: orodha ya watoto wa Kiislamu wa kata na shule wanazosoma, jina la ustadhi atakayeingia kila shule kufundisha kipindi cha dini kuanzia wiki inayofuata, na daftari jipya la fedha, lenye kurasa zilizopewa namba. Mkiyakamilisha hayo, ndipo mtoe takbira, na sisi tutaitikia pamoja nanyi.

Tunamuomba Allah (S.W.) atupe ikhlasi katika nia, uadilifu katika amana na subira katika kazi, na awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa hapa duniani na kesho Akhera. Amin.

Wabillahi tawfiq.